Kuvunja mkataba wa gari ili kununua Mercedes: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Kisa hiki nilikishughulikia nikiwa mshauri wa fedha wa wafanyabiashara wadogo hapa Mombasa. Mwenyewe ameridhia kiandikwe ili wengine wafaidike. Jina lake, ofisi yake, kampuni iliyomkodisha gari na yadi iliyotaka kumuuzia jingine nimevificha vyote. Fedha nimezisogeza kidogo ili asitambulike, ila uwiano wake haukubadilika. Nitamwita Bwana S.

Swali lake nimelisikia kwa wengi: nina gari la kukodi kwa mkataba, muda haujaisha, nimeona gari zuri zaidi la kununua, nitoke au nisitoke? Karibu kila mtu huanza kwa kulinganisha gari na gari, na Bwana S. naye alianza hapo. Kilichomsaidia ni swali jingine: kutoka leo, badala ya baadaye, kunagharimu kiasi gani?

## Usuli

Bwana S. ni wakala wa forodha wa miaka arobaini na kitu, ana mke na watoto watatu, anaishi Nyali na ofisi yake iko kisiwani. Kazi yake haimkalishi. Asubuhi yuko Kilindini, mchana kwenye vituo vya makontena vya Changamwe na Miritini, jioni anapambana na foleni ya daraja la Nyali kama wenzake wote.

Ili kuelewa kwa nini mtu kama huyu alikodi gari badala ya kununua, lazima ukumbuke yaliyoipata biashara ya uwakala mjini hapa. Treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kazi mwaka 2018, na mwaka 2019 likaja agizo kwamba mizigo ya bara iende Nairobi kwa reli. Kazi ya kutoa mizigo ikahamia huko pamoja na riziki za watu. Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli hiyo inarudi Mombasa. Kazi ikarejea, lakini Bwana S. alikuwa ameshaonja miaka ya ukame. Hakutaka kuzika akiba yake kwenye bati na matairi. Akasaini, kwa jina lake binafsi, mkataba wa kukodi krosova mpya, gari lililoinuka kidogo kuliko saluni, kwa miezi 48.

Masharti yalikuwa haya. Kodi shilingi 95,000 kwa mwezi, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ikiwa ndani. Kodi hiyo ilibeba bima kubwa, sevisi, matairi, na gari la kutumia wakati lake likiwa gereji. Ruhusa ya kilomita 2,500 kwa mwezi, na kila kilomita ya ziada shilingi 12. Dhamana ya kodi za miezi miwili, yaani 190,000, irudishwe mwisho wa mkataba baada ya gari kukaguliwa. Mwisho huo gari linarudi kwa wenyewe. Hapakuwa na haki ya kulinunua. Na kifungu kilichozaa kisa chote: baada ya mwezi wa 24 mkodi anaweza kujitoa, akilipa asilimia 40 ya kodi zote zilizobaki.

Nasema bila kusita kwamba siku alipousaini, mkataba ule ulimfaa. Alijua atatoa kiasi gani kila mwezi, na gari likiharibika shida ilikuwa ya mwenye gari.

## Gari alilolipenda

Mwezi wa 27 aliona kwenye yadi moja ya mjini saluni ya Mercedes C200 ya mwaka 2016, ya toleo linalojulikana kwa kificho cha kiwandani W205. Rangi nyeusi, ndani ngozi ya kahawia, kilomita 71,000 kwenye dashibodi. Bei 2,850,000.

Marehemu baba yake aliwahi kuwa na Mercedes ya W123, zile za miaka ya sabini na themanini, na kwa gari hilo alisomesha watoto. Bwana S. hakulificha jambo hili, wala sikuona sababu ya kumwambia aliache nje. Katika kazi yake pia, mwenye mzigo wa mamilioni humtazama wakala anavyofika mlangoni. Hamu ya gari zuri ina nafasi yake katika uamuzi wa fedha, mradi iandikwe bei yake waziwazi.

Muuzaji wa yadi alimpigia hesabu papo hapo. Atoe taslimu 1,500,000, ambayo ndiyo akiba aliyokuwa nayo. Zinazobaki 1,350,000 azilipe kwa miezi 18, shilingi 96,000 kila mwezi, jumla 1,728,000. Kisha akamwambia maneno yaliyomkaa moyoni: “Mzee wangu, huko unalipa tisini na tano gari la watu. Huku unalipa tisini na sita gari lako. Tofauti ni elfu moja tu.”

Aliombwa aache 50,000 ili gari lisionyeshwe mtu mwingine kwa siku tatu. Hapo ndipo alipokuja kwangu, akiwa hajatoa hela.

## Siku zile tatu

Nilimwomba asitoe senti mpaka tupate majibu matatu kwa maandishi: kampuni ya kukodisha inadai nini akitoka leo, daftari la umiliki linasema nini, na fundi asiyefungamana na yadi anasema nini.

Nyumbani kwake mjadala ulishaanza. Shemeji yake, aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la kuuza fanicha kwa awamu, alishikilia kwamba hapana adhabu yoyote. “Umelipa miezi ishirini na saba kati ya arobaini na nane. Umevuka nusu. Sheria inakuruhusu kurudisha mali na kwenda zako.” Hakuzungumza upuuzi. Sheria ya Kenya ya ununuzi kwa awamu, Sura ya 507, inampa mnunuzi haki ya kurudisha mali, na dhima yake huishia kwenye nusu ya bei. Lakini sheria hiyo inahusu mkataba ambao mwisho wake mali yaweza kuwa ya mlipaji. Mkataba wa Bwana S. ulikuwa wa kukodi tu, gari likirudi kwa mwenyewe. Ile hoja ya shemeji ya kuvuka nusu haikuwa na mahali pa kusimama.

Mke wake hakugusa sheria. Aliuliza jambo moja: “Kazi ikilala miezi mitatu kama ile ya zamani, ipi kati ya hizi mbili, kampuni au yadi, tutaweza kuiomba subira?” Naliweka swali lile juu ya mengi niliyoyasema mimi.

Jibu la kampuni lilikuja siku ya pili. Asilimia 40 ya kodi za miezi 21: 798,000. Gari lilikuwa limetembea kilomita 74,300 wakati ruhusa ilikuwa 67,500, kwa hiyo ziada ya kilomita 6,800: 81,600. Bampa lililokwaruzwa na rimu moja iliyopinda: 46,000. Jumla 925,600. Baada ya kupunguza dhamana aliyoweka, alidaiwa taslimu 735,600.

Upekuzi wa daftari la umiliki kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambao wakati huo NTSA, mamlaka ya usafiri, ilitoza shilingi 550, ulileta jipya. Mercedes ile ilikuwa kwa majina mawili: mtu binafsi na taasisi iliyomkopesha. Hapa Kenya gari la mkopo husajiliwa hivyo kwa kawaida mpaka deni liishe. Yadi ikasema deni limeshalipwa, ni karatasi tu zinazosubiriwa. Huenda ilikuwa kweli. Lakini Bwana S. angekabidhi milioni moja na nusu kwa gari ambalo mwenye haki ya kulihamisha hakuwa mezani. Gari kama hili linafaa pia kupekuliwa kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Kuna madai ambayo hayaonekani kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari.

Fundi alilichungulia gari kwa saa mbili. Injini ya C200 ile ni M274, na fundi yeyote anayezijua huanza na plagi za sensa za kamishafti, kwa sababu sensa zikivuja, mafuta husafiri ndani ya nyaya mpaka kwenye kompyuta ya injini. Alizichomoa: zilikuwa na unyevu wa mafuta. Bushi za mbele zilikuwa zimekwisha, AC ilipuliza vuguvugu, matairi yalikuwa ya makampuni matatu tofauti. Chini ya gari, boliti na mabomba ya breki yalikuwa na kutu. Gari limelala miaka karibu na bahari, na chumvi ya hewa ya pwani haichagui nembo. “Mzee, gari hii ni nzuri,” alimwambia, “lakini aliyekuwa nayo alikuwa akiiosha tu.” Makadirio ya kuirudisha katika hali yake: 310,000. Karatasi ya mnada wa Japani, ambayo ingethibitisha zile kilomita 71,000, yadi haikuwa nayo.

Tuliuliza pia kama aagize lake mwenyewe, maana kutoa magari bandarini ndiyo kazi yake. Jibu alilijua kuliko mimi. Kwa viwango vya 2025, thamani ya forodha ya shilingi 100 ya gari la petroli lenye injini ya lita 2.0 ilitozwa ushuru asilimia 35, ikawa 135. Juu yake asilimia 25 ya ushuru wa bidhaa, ikawa 168.75. VAT ya asilimia 16 ikaifikisha 195.75, kisha ada ya uagizaji na ya reli zikaisukuma kupita 200. Kodi za serikali peke yake sawa na bei ya gari. Isitoshe, gari la zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hiyo lile la 2016 lisingeagizwa tena. Akaliacha wazo.

## Hesabu

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliandika pande mbili kwa miezi 21 iliyobaki. Mafuta ya petroli tuliyaacha nje kwa sababu yalikaribiana.

Upande wa kubaki ulikuwa mstari mmoja: 95,000 mara 21, sawa na 1,995,000. Bima, sevisi na matairi vimo.

Upande wa kutoka ulikuwa mrefu. Adhabu 798,000. Nyongeza ya bei ya awamu kwenye yadi, 378,000. Bima kubwa, ambayo wakala wa bima aliitajia asilimia 4 ya thamani, karibu 199,500 kwa muda wote. Sevisi tano, 140,000. Seti ya matairi, 96,000. Matengenezo ya mwanzo, 310,000. Akiba ya matatizo makubwa tuliiweka 15,000 kwa mwezi, yaani 315,000. Kwa saluni ya Ujerumani ya umri ule huo si woga, ni kipimo cha kawaida. Mwisho, kushuka thamani: tulikadiria gari lingeuzika 2,150,000 baada ya miezi 21, kwa hiyo 700,000. Jumla 2,936,500.

Tofauti: 941,500. Kwa mwezi ni karibu shilingi 45,000.

Shemeji aliitazama karatasi akapinga: “Lakini mwisho wa kodi atabaki mikono mitupu, na huku ana Benz.” Pingamizi hili ni la maana na wengi hukwama hapo. Jibu limo kwenye mstari wa kushuka thamani. Hatukumtoza Bwana S. bei nzima ya gari. Tulimtoza ile 700,000 tu ambayo gari lingepoteza. Zile 2,150,000 zingebaki zake, na hesabu ilishamwachia.

Tazama pia kile ambacho hatukukiweka. Kilomita za ziada na bampa, jumla 127,600, havipo upande wowote, kwa sababu alikuwa akidaiwa atoke au abaki. Na ile 190,000 ya dhamana haikuwa punguzo la kutoka. Ni hela yake popote aendapo. Mtu akiiangalia 735,600 kama “gharama ya kutoka” amechanganya vitu vitatu visivyohusiana. Gharama iliyoletwa na uamuzi wenyewe ilikuwa moja, 798,000.

Kisha tukafanya jambo ambalo naona ndilo moyo wa kisa hiki. Tuliondoa adhabu kwenye upande wa kutoka. Zilibaki 2,138,500, karibu 102,000 kwa mwezi, dhidi ya 95,000 za kukodi. Kumbe Mercedes yenyewe haikuwa uwendawazimu! Ilikuwa ghali kidogo tu kuliko gari alilokuwa nalo, na kwa raha aliyoitaka ningemwambia anunue. Kilichoharibu hesabu ni mlango wa kutokea.

Na mlango ule ulikuwa ukishuka bei wenyewe. Asilimia 40 ya 95,000 ni 38,000. Maana yake, kila mwezi aliokaa na krosova alitoa 95,000 lakini adhabu ikapungua 38,000. Mwezi mmoja wa kusubiri ulimgharimu kwa hakika 57,000, kwa gari lenye bima na sevisi. Mwezi mmoja wa Mercedes ungemgharimu 102,000. Ile “tofauti ya elfu moja tu” ya muuzaji ilikuwa, kwa hesabu yenye vitu vyote ndani, elfu arobaini na tano.

Kuna jambo jingine lisilokuwa la tarakimu. Bwana S. hajihusishi na riba. Kuuza kwa bei ya awamu iliyo juu kuliko ya taslimu, bei ikiwa imefungwa tangu siku ya kwanza, ustadhi wake aliona hakuna tatizo. Lakini karatasi ya yadi ilikuwa na sharti la asilimia 5 ya faini kila awamu inapochelewa, faini ikienda kwa muuzaji. Hilo alilikataa. Hata kwa asiyefuata mwongozo huo, sharti lile ndilo jibu la swali la mke wake: yadi isingekuwa na subira.

## Uamuzi

Aliamua asivunje mkataba mwezi ule, wala asitoe zile 50,000. Lakini hakuamua kulisahau gari. Aliamua kutafuta njia ya kutoka bila adhabu.

Njia ilikuwepo ndani ya mkataba wake tangu mwanzo, kifungu cha kuhamisha. Mkodi angeweza kumpa mtu mwingine mkataba uliobaki kwa ada ya 35,000, mradi kampuni imkubali mtu huyo. Hii ilibadilisha kila kitu. Akipata wa kumrithi, adhabu inafutika, na uamuzi unarudi kuwa 95,000 dhidi ya 102,000, jambo ambalo mtu anaweza kuliamua kwa hamu yake.

Nilimpa pia zoezi. Kama yuko tayari kupoteza 45,000 kila mwezi kwa ajili ya Mercedes, basi aanze kuziweka kando huku bado ana krosova. Zikimshinda, tutakuwa tumejua mapema. Aliweka 60,000.

## Matokeo

C200 ile iliuzwa kwa mtu mwingine wiki iliyofuata. Alisikitika, na ilikuwa haki yake kusikitika.

Mrithi wa kwanza, jirani mwenye duka la dawa, alikataliwa na kampuni kwa sababu taarifa zake za benki hazikuonyesha mapato ya kutosha. Mauzo mengi yalipita kwenye simu ya mtu mwingine wa familia. Muda ukapotea hapo. Wa pili, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Mtwapa, alikubaliwa, na mkataba ukahamishwa mwisho wa mwezi wa 32.

Katika miezi ile mitano Bwana S. aliacha kwenda mwenyewe kila kituo cha makontena. Kijana wa ofisi alipeleka karatasi kwa pikipiki. Gari likafika kilomita 84,900 wakati ruhusa ilikuwa 80,000, kwa hiyo ziada ikashuka hadi 58,800. Bampa na rimu alizitengeneza kwa fundi wake kwa 21,000 kabla ya ukaguzi, badala ya kusubiri atozwe 46,000. Pamoja na ada ya kuhamisha, kutoka kulimgharimu 114,800. Mrithi alimrudishia dhamana yake 190,000.

Alinunua C180 ya toleo lile lile, injini ya 1.6, kutoka kwa mtu aliyeiagiza mwenyewe: logbuku ya jina moja, karatasi ya mnada ipo, fundi akataka betri na pedi za breki tu, 48,000. Bei 2,450,000. Alitoa 1,850,000, na 600,000 akapata benki kwa murabaha, mauzo ya awamu yasiyo na riba ambayo faida yake imefungwa tangu mwanzo, ya miezi 12, 56,000 kwa mwezi.

Miezi minane baadaye gari linampendeza. Limekula matairi mawili, moja lilipasuliwa na shimo la barabara ya Miritini. Matairi mapana ya ukuta mfupi hayapatani na barabara wanazopita malori. Kwenye mvua kubwa haliendeshi. Mama watoto husema sasa anajua mvua imezidi akiliona gari limelala nyumbani.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kupata idadi ya kutoka kwa maandishi kabla ya kuzungumza na yadi. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na idadi yake: muuzaji alisema ni notisi ya miezi miwili, shemeji alisema hakuna kitu, Bwana S. mwenyewe alidhani ni kupoteza dhamana. Barua moja ilizima mijadala mitatu.

Ukaguzi wa fundi na upekuzi wa logbuku uligharimu kidogo sana ukilinganisha na ulichofichua. Hata bila adhabu, gari lile la yadi halikuwa la kununuliwa kwa karatasi zilivyokuwa, na hili tusingelijua kama zile 50,000 zingetangulia. Ukishaacha malipo ya awali, nia yako yote hugeuka kuwa kutafuta sababu za kuendelea.

Je, asilimia 40 ni unyonyaji? Bwana S. aliona hivyo, na baadhi ya wasomaji wataona hivyo. Mimi naona ni kali lakini ina asili. Gari jipya hupoteza thamani kwa kasi mwanzoni, na kodi hubaki ile ile kila mwezi. Mkodi akitoka katikati, mwenye gari anakuwa bado hajarudishiwa alichopoteza mwanzo. Pa kugombana ni kabla ya kusaini. Mkodi anaweza kuomba asilimia ishuke kwa vipindi, tuseme 40 mwaka wa tatu na 20 mwaka wa nne. Wakati ule ana nguvu. Baada ya hapo hana.

Kilichoshindikana kwanza ni usomaji. Kifungu cha kuhamisha kilikuwa ukurasa uleule wenye kifungu cha adhabu, na Bwana S., ambaye husoma nyaraka za forodha siku nzima na kuona kosa la tarakimu moja, hakuwahi kukifikia. Angekijua tangu alipoanza kutamani gari jingine, angetafuta mrithi mapema, na pengine C200 nyingine yenye karatasi safi ingemkuta tayari. Pili, kilomita. Kwa miezi 27 hakuna aliyezifuatilia. Kila mwezi zilizidi kidogo, na kidogo hicho kilikuwa deni la 81,600.

La tatu ndilo linalonisumbua bado. Siku ya kuhamisha, kampuni ilimpa Bwana S. karatasi ya ziada na akaisaini palepale kaunta, furaha ya funguo mpya ikiwa imemjaa. Karatasi ile ilimfanya mdhamini wa mrithi wake mpaka mwezi wa 48. Adhabu aliikwepa, lakini kodi za miezi 16, jumla 1,520,000, zikabaki zikining'inia juu ya jina lake kwa gari asilokuwa nalo. Mrithi alichelewa mwezi wa tatu na wa nne, na simu ikaja kwa Bwana S. Kwa bahati walijuana, wakakaa, akalipa.

Udhamini wa namna hii haukatazwi na pengine kampuni isingekubali kuhamisha bila wowote. Lakini ungeweza kuwekewa mpaka: kodi za miezi mitatu, au miezi sita ya kwanza. Bwana S. ameandika kuomba mpaka huo uwekwe hata sasa. Kampuni imejibu kwamba itamwondoa kabisa kwenye udhamini mrithi akilipa miezi sita mfululizo bila kuchelewa. Mpaka ninapoandika, amelipa minne.